Kuamua Iwapo Shahada ya Uzamili ya Afya ya Umma Inakufaa: Mwongozo kwa Mkazi wa Mombasa

Wanaofikiria kusomea shahada ya uzamili ya afya ya umma hapa Mombasa hutoka katika njia mbalimbali. Yuko muuguzi wa Likoni ambaye amechoshwa na zamu za usiku. Yuko bwana afya wa kaunti ndogo ambaye cheo chake hakijasogea kwa miaka mingi. Yuko tabibu anayetaka kutoka chumba cha wagonjwa aingie katika usimamizi. Na yuko mhitimu wa sosholojia au biolojia aliyeajiriwa na mradi wa shirika fulani, akaona kwamba kila anayetia saini ripoti ana shahada hiyo. Wote hawa huuliza swali moja, lakini jibu lao haliwezi kuwa moja. Mwongozo huu unashikilia jambo ambalo huenda likamuudhi mwenye haraka, nalo ni kwamba shahada hii humfaa zaidi mtu ambaye kazi yake imekwisha kumletea swali asiloweza kulijibu kwa elimu aliyo nayo. Mwenye swali hilo hujua achague kozi gani, chuo gani na utafiti gani. Asiye nalo atasoma, atafaulu mitihani, na pengine atahitimu, ila atakuwa amelipa karo kulitafuta swali ambalo angelipata bure kazini.

Ijue kazi kabla ya kozi

Tabibu humtazama mgonjwa aliye mbele yake. Mtu wa afya ya umma hulitazama kundi zima, wakiwemo wale ambao hawajaugua. Hilo husemwa katika kila darasa la kwanza, lakini uzito wake hauonekani mpaka mtu auone katika mtaa anaoujua. Chukua homa ya dengi. Mombasa imepatwa na milipuko ya ugonjwa huu mara kadhaa, ukiwemo ule wa 2013, na mwishoni mwa 2017 ulizuka mlipuko mkubwa wa chikungunya ulioendelea hadi 2018. Magonjwa yote mawili huenezwa hasa na mbu aina ya Aedes aegypti, ambaye huuma mchana na hutaga mayai yake katika maji yaliyowekwa kwenye mapipa, matangi, ndoo na hata magurudumu makuukuu yaliyotupwa uani. Tabibu wa zahanati atampa mgonjwa wa dengi dawa ya kutuliza homa, atamwonya asimeze aspirini kwa sababu ya hatari ya kutokwa na damu, atamweleza dalili za hatari, na kazi yake itakuwa imekamilika vizuri.

Mtu wa afya ya umma huanzia hapo. Kwa nini nyumba hizi zina mapipa mengi yasiyofunikwa? Kwa sababu mfereji hautoi maji kila siku, na asiyeweka akiba hana maji ya kupikia. Kwa nini hautoi kila siku? Mara anajikuta ametoka kabisa katika mambo ya dawa, yumo katika mkutano na watu wa maji, watu wa bajeti na mwakilishi wa wadi, akijaribu kuwashawishi kwa jedwali la namba kwamba gharama ya bomba ni sehemu ya gharama ya homa. Ikiwa mikutano ya namna hiyo inakuchosha hata kwa kuifikiria, ni vyema ulijue hilo mapema, kwa maana ndiyo sehemu kubwa ya kazi yenyewe.

Mfano wa pili uko Mikindani, katika mtaa wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014 na kuwaachia wakazi sumu ya madini ya risasi katika damu na katika udongo. Mtoto mmoja mmoja angeweza kupelekwa hospitali kila mwezi, na chanzo kikabaki palepale. Kilichohitajika ni vipimo vya damu vya watu wengi, vipimo vya udongo, kumbukumbu zilizotunzwa, na wanaharakati waliokuwa na subira ya kusimama mahakamani. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Tangu kufungwa kwa kiwanda hadi uamuzi wa mwisho ilipita miaka 10. Anayehitaji kuona matunda ya kazi yake kabla ya jioni, kama muuguzi wa chumba cha kujifungulia anavyoyaona, apime kama moyo wake utastahimili mwendo huu.

Mbali na mifano mikubwa kama hiyo, siku nyingi ni za kawaida kabisa. Kila wiki vituo vya afya hujaza fomu ya MOH 505 ya magonjwa yanayofuatiliwa, na kila mwezi hujaza nyingine, kama MOH 705 ya wagonjwa wa nje. Takwimu hizo huingizwa katika KHIS, mfumo wa taifa wa taarifa za afya uliojengwa juu ya programu ya DHIS2, ambayo Kenya iliisambaza nchini kote mwaka 2011. Mtu wa afya ya umma katika kaunti ndogo hutumia saa nyingi akitafuta ni kituo gani hakikuleta ripoti, kwa nini namba za chanjo hazilingani na dozi zilizotolewa ghalani, na nani aliandika 0 mahali ambapo alipaswa kuacha wazi. Hupanga kampeni ya chanjo, hutembea na wahudumu wa afya ya jamii nyumba kwa nyumba, kisha hurudi ofisini kuandika.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuomba ruhusa ya kukaa siku kadhaa na afisa anayefuatilia magonjwa katika kaunti ndogo yako, iwe ni Mvita, Kisauni, Nyali, Likoni, Changamwe au Jomvu. Nenda mwenyewe, wala usipige simu ya ghafla. Msalimu kwa heshima inayomstahili, umwambie kwamba unataka kuiona kazi kabla ya kwenda kuisomea. Muulize ni jambo gani humla muda mwingi zaidi, ni ujuzi upi aliosomea ambao bado anautumia kila wiki, na upi ambao hajaugusa tangu ahitimu. Muulize pia, mkishazoeana, iwapo angesoma tena shahada hiyo hiyo. Jibu la swali hili la mwisho, pamoja na kimya kinacholitangulia, lina manufaa kuliko kurasa nyingi za vijitabu vya vyuo.

Jipime kwa namba ndogo

Wengi huikimbia fani hii kwa kuogopa hisabati, na wengine huiingia bila kujua kwamba ipo. Jaribu zoezi hili. Tuseme mtaa wa kwanza una watu 8,000 na umeripoti wagonjwa 40 wa kuhara kwa mwezi mmoja, na mtaa wa pili una watu 3,000 na umeripoti wagonjwa 30. Mtaa upi una hali mbaya zaidi? Ukigawanya utaona kwamba wa kwanza una wagonjwa 5 kwa kila watu 1,000, na wa pili una 10 kwa kila watu 1,000. Hesabu hiyo ni ya shule ya msingi, na hata asiyeipenda hisabati ataiweza.

Kipimo chenyewe ni kile kilichofuata akilini mwako baada ya kupata jibu. Je, ulijiuliza kama mtaa wa pili una zahanati iliyo karibu, hivyo wagonjwa wake huandikwa zaidi, ilhali wa mtaa wa kwanza hununua dawa dukani na kulala nyumbani? Je, ulijiuliza idadi hiyo ya watu ilitoka wapi? Sensa ya 2019 iliihesabu Kaunti ya Mombasa kuwa na watu 1,208,333, lakini mitaa mingine imejaa sana tangu wakati huo, na ukigawanya kwa idadi ya zamani utapata ugonjwa mkubwa kuliko ulivyo. Je, ulijiuliza aliyeandika neno kuhara alikusudia choo cha maji mara tatu kwa siku, au tumbo lolote lililomuuma mtu?

Mfano wa kweli wa mtego huu ni mgomo wa wauguzi wa 2017, uliodumu tangu Juni hadi Novemba. Katika miezi hiyo idadi ya waliohudumiwa katika vituo vya umma ilishuka, na mtu asiyejua habari za mgomo angeweza kuutazama mchoro na kushangilia kwamba magonjwa yamepungua. Magonjwa yalikuwa palepale. Waliokuwa hawapo ni waandishi na wahudumu. Ukiona utamu katika maswali ya namna hii, kiasi kwamba ungependa kuendelea kuyafikiria ukiwa ndani ya matatu, fani hii inakufaa kwa upande wa akili. Ukiyaona ni usumbufu wa watu wasio na kazi, bado kuna shahada nyingine nzuri za usimamizi au za tiba ambazo zitakutunza vizuri zaidi.

Kuhusu programu za takwimu, hakuna sababu ya kusubiri darasa. Programu ya R hupatikana bure, na ukijifunza kufungua jedwali, kuchora mchoro na kukokotoa wastani kabla ya muhula wa kwanza, nusu ya hofu itakuwa imekwisha. Kwa maoni yangu anayeshindwa kuandika aya tatu zilizonyooka huteseka zaidi katika shahada hii kuliko anayeshindwa hisabati, kwa sababu hesabu hufanywa na kompyuta, na aya hazina wa kukufanyia.

Liko pia jaribio kubwa zaidi ambalo watumishi wengi wa kaunti hawalitumii. Mwaka 2004 Kenya ilianzisha mpango wa mafunzo ya epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika watu) ya nyanjani na maabara, unaojulikana kama FELTP. Ngazi yake ya mwanzo huchukua takriban miezi mitatu, na mshiriki huifanya akiendelea na kazi yake, akichunguza takwimu za kituo chake mwenyewe; juu yake iko ngazi ya kati, kisha ile ya juu ya miaka miwili inayoambatana na shahada ya uzamili. Bwana afya, muuguzi au mtaalamu wa maabara aliye kazini anaweza kuuliza ofisi ya afya ya kaunti jinsi washiriki wanavyoteuliwa. Aliyepitia ngazi ya mwanzo huingia katika uzamili akijua anachokitafuta, au huacha wazo hilo bila kupoteza mali.

Soma matangazo ya kazi kabla ya vijitabu vya vyuo

Chuo hakitakuambia kwamba shahada yake haihitajiki. Tangazo la kazi litakuambia, ukilisoma kwa makini. Kusanya matangazo 20 ya miezi ya karibuni: ya Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, ya kaunti jirani za Kwale na Kilifi, ya Wizara ya Afya, ya taasisi za utafiti na ya mashirika. Kwa kila tangazo andika elimu inayodaiwa, miaka ya uzoefu, na ujuzi uliotajwa kwa jina. Tenganisha kwa uangalifu kile kilichoandikwa kuwa ni lazima na kile kilichoandikwa kuwa ni faida ya ziada. Mara nyingi utakuta kwamba uzoefu uko katika safu ya lazima na shahada ya uzamili iko katika safu ya faida, isipokuwa katika vyeo vya juu vya usimamizi, ambako uzamili hugeuka kuwa lango.

Hapo ndipo majibu ya watu tuliowataja mwanzoni yanapoachana. Muuguzi au bwana afya aliyeajiriwa kwa kudumu, mwenye miaka kadhaa ya kazi, anaweza kuona kwa macho yake cheo kinachodai uzamili, na kwa huyo shahada ina maana ya moja kwa moja. Mhitimu wa sosholojia ambaye hajaajiriwa yuko katika hali ngumu zaidi, kwa sababu baada ya miaka miwili atakuwa na shahada mbili na uzoefu uleule aliokuwa nao. Huyu ningemshauri atafute kwanza kazi ya nyanjani, hata ya kukusanya takwimu kwa mkataba mfupi, kabla ya kuomba chuo.

Ni vyema pia kufahamu nani anaajiri. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti huduma nyingi za afya, ikiibakishia serikali ya kitaifa sera na hospitali kuu za rufaa za kitaifa, na tangu 2013 mwajiri mkubwa wa watu wa afya hapa ni serikali ya kaunti, ambayo bajeti yake ina mipaka inayojulikana na kila aliyewahi kusubiri mshahara. Mwajiri wa pili kwa muda mrefu alikuwa ni miradi ya wafadhili, hasa ya VVU, kifua kikuu na huduma kwa waraibu wa heroini. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya kigeni, miradi iliyofadhiliwa na USAID, shirika lake la misaada, ikakwama, na watumishi wengi nchini Kenya walirudi nyumbani, wakiwemo wenye shahada hii hii. Anayepanga leo kusoma kwa matumaini ya mshahara wa mradi anapaswa kuliweka tukio hilo mbele yake na kulitazama bila kupepesa macho.

Hata hivyo milango haikufungwa yote. Kilifi, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka kisiwani, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust ya Uingereza, kilichoanzishwa 1989, ambacho kimeifanya Pwani kuwa mahali pa kujifunzia utafiti wa malaria na magonjwa ya watoto. Bandari ya Kilindini ina huduma zake za afya bandarini, na mpox iliyothibitishwa kwa mara ya kwanza nchini Julai 2024, kwa msafiri aliyepita mpaka wa Taveta, ilikumbusha kwamba ugonjwa husafiri kwa barabara zilezile za mizigo. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya taifa, ilipochukua nafasi ya NHIF, hospitali zimehitaji watu wanaoelewa gharama, madai ya bima na takwimu za huduma, na kazi hizo ni za afya ya umma hata kama tangazo halikuandika hivyo.

Jambo moja huwaponza wanaotoka fani nyingine. Sheria kuhusu mafunzo, usajili na leseni za maafisa wa afya ya umma iliunda baraza linalowasajili maafisa hao, na usajili hutegemea mafunzo yanayotambuliwa na baraza hilo. Usidhani kwamba shahada ya uzamili peke yake itakufanya bwana afya wa kukagua hoteli na machinjio. Liulize baraza kwa maandishi kabla ya kulipa. Wala shahada hii haikupi ruhusa ya kutibu, ingawa jamaa zako watakuita daktari siku ya mahafali na kukuletea karatasi za presha kila Idi.

Shahada zisizolingana

Chini ya jina la afya ya umma ziko kozi nyingi. Shahada pana ya afya ya umma hugusa epidemiolojia, takwimu za afya, usimamizi wa mifumo ya afya, afya ya mazingira na uhamasishaji wa jamii, na humfaa anayeelekea uongozi. Uzamili wa epidemiolojia au wa takwimu za afya huchimba zaidi kwenye namba na humfaa anayeelekea utafiti. Zipo pia za lishe, za uchumi wa afya na za afya ya mazingira. Matangazo 20 uliyokusanya ndiyo yatakayokuonyesha ipi inatafutwa; ukiona kila tangazo linalokuvutia linataja uchambuzi wa takwimu, shahada pana haitakutosha bila masomo ya ziada ya takwimu.

Karo, nauli na saa za jioni

Omba chuo kikupe kwa maandishi jumla ya ada za mihula yote, pamoja na ada za mitihani, usimamizi wa tasnifu, mahafali, na kile kinachotozwa kwa kila mwaka wa ziada iwapo hutamaliza kwa wakati. Kifungu hiki cha mwisho husahauliwa na karibu kila mtu, nacho ndicho kinachouma. Hakikisha pia kwamba programu yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

Kisha hesabu nauli. Tuseme umechagua chuo cha Nairobi chenye masomo ya wikendi. Nauli ya daraja la kawaida ya treni ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi ilipandishwa hadi shilingi 1,500 mnamo Januari 2024, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi ni shilingi 3,000. Ukisafiri mara mbili kwa mwezi kwa miezi 9 ya masomo, hiyo ni shilingi 54,000 kwa mwaka, bado hujalala, hujala, wala hujalipa matatu ya kufika Miritini. Masomo ya jioni hapa mjini huondoa gharama hiyo lakini huleta nyingine: anayeishi Likoni na kutoka darasani saa mbili usiku bado ana foleni ya feri mbele yake, na anayeishi Bamburi ana daraja la Nyali. Mwenye watoto wadogo akae na mwenzake au na mama yake nyumbani wapange nani atakuwa na watoto jioni hizo, na watakavyofanya mwezi wa Ramadhani ukifika, kabla ya barua ya kukubaliwa kufika.

Mtumishi wa kaunti aulize kuhusu likizo ya masomo. Mara nyingi hutolewa kwa mkataba wa kurudi kutumikia kwa muda maalumu, na mkataba huo unafaa kusomwa neno kwa neno, kwa sababu anayeuvunja huweza kudaiwa fedha. HELB, yaani Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ina mikopo ya wanaosomea uzamili. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hudai uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili na humtaka mhitimu arejee nchini kwake kwa miaka miwili. Faida yake ni kwamba uzamili wa Uingereza kwa kawaida ni wa mwaka mmoja. Aliye na subira ya kusoma peke yake anaweza pia kuangalia masomo ya masafa ya London School of Hygiene & Tropical Medicine, chuo kilichoanzishwa 1899, na anayependa kubaki Afrika Mashariki ana Makerere kule Kampala na Muhimbili kule Dar es Salaam, ambako kujifunza matatizo yanayofanana na yetu kutoka kwa majirani ni faida isiyoandikwa kwenye cheti.

Tasnifu, mahali wengi wanapokwama

Katika vyuo vyetu mwaka wa kwanza huwa wa masomo ya darasani na wa pili wa tasnifu. Mwaka wa kwanza huisha. Wa pili, kwa wengi, haukubali kuisha. Kabla ya kukusanya takwimu hata moja, mwanafunzi huandika pendekezo la utafiti, hulitetea idarani, hulipeleka kwa kamati ya maadili, huomba kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, kisha ruhusa ya idara ya afya ya kaunti, na ruhusa ya hospitali au zahanati husika. Kila ofisi ina muda wake, na marekebisho ya ofisi moja huweza kukurudisha kwenye nyingine. Baadaye huja uchambuzi, uandishi, watahini na masahihisho yao, na baadhi ya vyuo hudai makala ichapishwe katika jarida.

Ndiyo maana mwenye swali lake la kazini humtangulia asiye nalo. Muuguzi wa kliniki ya watoto ambaye kwa miaka amekuwa akijiuliza kwa nini akina mama wa mtaa fulani hawarudi kwa dozi ya pili ya chanjo ya surua, ambayo hutolewa mtoto akiwa na miezi 18, ana tasnifu mkononi. Anajua rejesta ziko kabati gani, anajua nani atamkatalia na kwa nini, na hatachoka nalo baada ya miezi sita. Asiye na swali huchukua mada aliyopewa na mwenzake, kwa kawaida pana mno, kama vile mambo yanayoathiri afya ya uzazi katika Pwani yote, na kuzama humo.

Jaribu leo, kabla hujaomba chuo, kuandika kurasa mbili kuhusu swali ambalo ungependa kulichunguza: ni tatizo gani, liko wapi, nani linawagusa, takwimu gani tayari zipo, na jibu likipatikana nani atalitumia. Weka mipaka ya eneo lako. Vituo vya Jomvu vinatosha. Mwonyeshe mtu aliyewahi kusimamia tasnifu. Ukishindwa kuandika kurasa hizo mbili, si kwamba huna akili ya shahada hii. Ni kwamba wakati wake haujafika, na mwaka mmoja wa kuandika daftari la mambo yanayokushangaza kazini utakusaidia kuliko muhula wowote.

Ukifikia hatua ya kuchagua chuo, tafuta waliohitimu humo na hasa walioacha katikati. Waulize msimamizi alichukua muda gani kurudisha sura moja aliyopelekewa aisome. Wako watu wanaojitangaza kwamba huwaandikia wengine tasnifu kwa malipo; mbali na kuwa ni udanganyifu unaoweza kukunyang'anya shahada, anayewatumia hununua cheti cha kazi ambayo kila wiki itamdai aandike.

Ukiamua kuomba

Vyuo vingi vya hapa hudai shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu, au la pili la chini pamoja na uzoefu wa kazi. Tafuta nakala rasmi za matokeo mapema, maana ofisi za masjala haziendi mbio. Chagua wadhamini wawili, mmoja aliyekufundisha na mmoja aliyekusimamia kazini, uwaendee wakati bado una wiki kadhaa mkononi, uwape zile kurasa mbili ili barua zao zizungumzie jambo mahususi badala ya kukusifu kwa maneno ya jumla. Katika barua yako ya maombi usieleze kwamba tangu utotoni ulipenda kusaidia watu, kwa kuwa kamati imeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Eleza swali lako, mahali ulipolikuta, na ulichokwisha kujaribu kulijibu. Mtumishi wa kaunti aambatishe barua ya mwajiri inayoonyesha kwamba ruhusa imeombwa, kwa sababu likizo ya masomo iliyoombwa baada ya muhula kuanza ni ngumu sana kuipata.